Mashine ya Majani na Moshi Nilioutengeneza Mwenyewe

Niliwahi kuziba tundu la hewa la mfuniko wa tangi la petroli kwa sabuni ya mche. Naanza na hilo makusudi, vijana wangu, msije mkanisoma kwa heshima nisiyostahili halafu mkanidai baadaye.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukatia majani, mpya kabisa, zawadi ya wageni waliotembelea kituo cha afya cha masista nilikokuwa fundi, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Kila nikiiinamia nasikia kwa mbali harufu ya petroli. Nikachunguza, nikakuta kitundu kidogo kwenye mfuniko. Sasa nyie mnajua mambo ya kwetu: tangi la pikipiki likivuja unakata sabuni, unaifinyanga kama ugali, unabandika, unafika Kasekese bila wasiwasi. Nikaona kiwanda kizima cha watu wenye akili zao kimesahau kuziba tundu. Nikawasaidia.

Basi mashine ikawa inawaka vizuri, inakata majani kidogo, inazimika. Ukiiacha ipumzike inawaka tena, halafu inazimika tena. Nikafungua kabureta, nikaifunga. Nikabadilisha plagi. Nikalaumu petroli, nikalaumu jua la Mpanda, na vilipokwisha vya kulaumu nikamgeukia mwendeshaji, mwanamke mmoja aitwaye Esperansi. Nikamwambia anaisukuma kwa hasira.

Esperansi hakubishana. Alifungua mfuniko aone kama mafuta yamo. Tangi likavuta hewa: fyuuu! Akafunga, akawasha, ikawaka. Ilipozimika akafungua tena: fyuuu! Akaugeuza mfuniko, akaukwangua kwa ukucha, akanusa kidole.

"Fundi," akasema, "huu mfuniko nani kauogesha?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba petroli haishuki kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Tundu lile limetengenezwa kwa kupimwa: liingize hewa ya kutosha, lisiachie mvuke mwingi wa petroli kwenda kwenye pua za watu. Kazi mbili, tundu moja, na ukubwa wake haufikii kichwa cha sindano. Mpaka leo nikikumbuka navua kofia. Zamani nilivua kwa aibu, siku hizi navua kwa heshima.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mtu wa Kasansa, nimesoma hadi kidato cha nne, na ni mtu wa nyumbani kupita kiasi. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Sumbawanga, na nilirudi kesho yake kwa sababu mto wa kulalia wa kule haukunizoea. Pampu za maji, jenereta, mashine za kukoboa, hivyo ndivyo vilivyonilisha. Pikipiki ndizo zilizoniharibu, kama mtakavyoona.

Esperansi yeye ni wa familia za Katumba, wazee wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa, Mtanzania kama mimi, na ugali anausonga vizuri kuliko mimi. Alikuwa mtu wa palizi za mpunga mpaka alipopasuliwa mgongo. Daktari akamwambia kuinama basi, jembe basi, fyekeo basi. Mwanamke wa kwetu ukimnyang'anya jembe umemwachia nini? Mashine ile ilikuwa ya magurudumu yanayojiendesha, wewe unaifuata nyuma kama unampeleka ng'ombe malishoni, mgongo umenyooka. Masista wakampa. Ndiyo ikawa kazi yake ya pekee duniani, na wanawe watatu walikula kupitia kile kishikio.

Aliipenda, na aliisikiliza. Mimi nilikuwa naijua mashine kwa bisibisi, yeye anaijua kwa sikio. Kisu kikishika majani mabichi chini ya kifuniko, anajua kabla hujaona chochote. "Imeanza kunung'unika," anasema, na ukiikagua kweli kuna tope la majani limegandamana huko chini, injini inajikaza bure, inakula petroli mara mbili na kutema moshi. Kusafisha tu pale chini ni nusu ya matengenezo, vijana. Lakini chomoa kwanza waya wa plagi. Kisu hakina huruma na mtu aliyesahau.

Sasa nije kwenye dhambi kubwa, maana ile ya sabuni ilikuwa ndogo.

Mafundi wa huku tuna ugonjwa. Tukiona injini imetulia tunadhani inaumwa. Pikipiki ikija tunatoboa eksozi iunguze masikio ya mtaa, tunang'oa chujio la hewa, tunasema "sasa inapumua." Mteja anafurahi kwa sababu kelele imeongezeka, naye anadhani kelele ni nguvu. Mimi nikaitazama mashine ya Esperansi, imetulia, haina moshi, haina kelele za maana, nikaihurumia.

Mchana mmoja Esperansi hayupo, nikaipa pumzi. Nikafungua eksozi, nikachungulia kwa ndani, nikaona kitu kimejaa vitundu vidogo vidogo vilivyopangana, sega tupu la nyuki, ila la chuma. Nikasema, ahaa, ndicho kinachoibana. Nikaligonga na bisibisi mpaka likatoka vipande vipande. Kisha nikaona kimpira kinachotoka ubavuni mwa injini na kurudi kwenye njia ya hewa, nyuma ya chujio. Nikasema, huyu anakula matapishi yake mwenyewe! Nikakichomoa, nikakiachia kining'inie nje. Mwisho, kwenye kabureta kulikuwa na skrubu moja imefunikwa kwa kifuniko kidogo cha kiwandani. Kitu kikifunikwa, fundi wa Mpanda hawezi kulala. Nikakibandua, nikazungusha kidogo, nikasikiliza, nikazungusha tena.

Ikanguruma! Nikajipongeza peke yangu pale uani, nikaenda kula.

Kituo chetu, wodi ya watoto madirisha yake yanatazama uwanja wa majani. Lazima uwanja ukatwe, la sivyo nyoka wanahamia na mbu wanafuata. Esperansi alipoanza kukata kesho yake, moshi mweusi ukatoka kama tanuri la matofali limehamia pale. Harufu ya petroli isiyoungua, mvuke wa oili kutoka kwenye kimpira, vyote vikapanda dirishani. Mle ndani kulikuwa na mtoto wa pumu, kaletwa na bibi yake kutoka Sibwesa. Akashikwa.

Sista Matrida, mkuu wa kituo, alitoka na glavu zake mkononi. Si mtu wa kupayuka. Angepayuka ungefurahi.

"Fundi, umeifanya nini hii mashine?"

"Nimeiboresha, Sista."

"Hayo maboresho yako wodini. Yanakohoa na watoto."

Nikaanza kueleza habari za pumzi. Akaninyooshea kiganja.

"Jumatatu itakata majani mara moja, mbele yangu, madirisha yakiwa wazi. Nikiona moshi, au nikisikia hiyo harufu wodini, inaingia stoo, na uwanja nawapa vibarua wa mafyekeo." Akamgeukia Esperansi, sauti ikabadilika. "Nisamehe, mama. Kazi nyingine ambayo mgongo wako utaiweza, hapa sina."

Esperansi akasema, "Nimeelewa, Sista." Akazima mashine na kuisukuma mpaka karakana bila kunitazama. Nikamfuata nikiwa na maneno mengi mdomoni. Mlangoni akageuka.

"Fundi, usiiguse tena. Tafadhali."

Nimewahi kutukanwa na wenye mashine za kukoboa, watu wanaojua kutukana. Hakuna tusi lililonikaa kama ile tafadhali.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lusambo wa Makanyagio. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu nipate ajira ya kituo, kwa sababu nilishajiona mkubwa. Jumamosi tuliipakia mashine kwenye guta la matairi matatu, mimi na Esperansi, tukaenda. Tulimkuta anakula ugali na samaki, migebuka ya ziwani. Akatukaribisha, tukanawa, tukala kwanza, maana kwa Mzee yule shida ya mtu haielezwi tumbo likiwa tupu. Halafu akachomoa plagi, akaiweka kwenye mwanga.

"Mama, unaona rangi gani?" akamuuliza Esperansi, mimi akanipita kama kiti.

"Nyeusi. Kama chini ya sufuria."

"Petroli nyingi, hewa kidogo. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi, itaungua. Ikiwa na majimaji ya oili, hiyo ni oili inapanda. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa. Usiulize watu, iulize plagi." Ndipo akanigeukia. "Na wewe, eksozi umeitoboa?"

"Nilitoa uchafu kidogo, Mzee."

"Uchafu wenye umbo la sega?"

Mzee alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kama kuna msiba au harusi.

Kisha akatueleza, na naomba nyie mnaotaka kazi hii mtulie hapa. Sega lile halizuii pumzi. Moshi unapita kwenye vile vitundu vikiwa vya moto sana, na sumu iliyobaki inaungulia humo humo, kabla haijafika puani mwa mtoto wa mtu. Kimpira nacho si matapishi. Chini ya injini kuna mvuke wa oili, ukiuachia nje unamvukia mwendeshaji usoni, kwa hiyo wametafuta njia ya kuurudisha ukaunguzwe pamoja na petroli. Na ile skrubu, kiwanda kimepima mchanganyiko wa hewa na petroli kwa vyombo, kikaufunika.

"Kwa nini waufunike?" Esperansi akauliza.

"Kwa sababu wanamjua huyu," Mzee akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Hawajawahi kumwona, lakini wanamjua."

Mimi mwenyewe niliduwaa. Tundu la mfuniko, sega, kimpira, skrubu, vyote vinafanya kazi moja: kinachotakiwa kuungua kiungue ndani. Mashine ndogo ambayo watu wanaiona kama kichezeo cha kunyolea majani, kumbe mtu amekaa mahali akawaza pua ya mtu asiyemjua. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi bila kuwaza pua ya mtu yeyote isipokuwa yangu.

Sega likivunjika haliungwi. Lakini Mzee alikuwa na mashine nyingine ya aina moja na yetu, iliyoletwa na mwenye nyumba ya wageni aliyeiendesha bila oili mpaka mkono wa pistoni ukakatika. Wengine wangeiuza chuma chakavu. Mzee aliifungua kipande kwa kipande, akafuta, akaviweka kwenye gunia. "Nyie mnatupa kitu kizima kwa sababu mwenzake kafa," akasema, akitoa eksozi yenye sega lake safi.

Nikanyoosha mkono. Akairudisha nyuma.

"Hii nampa huyu mama, na yeye ndiye atakayeifunga. Mikono yako ina wazimu wa kuboresha. Wewe shika bakuli la nati."

Nikashika bakuli la nati. Mtu mzima, mfanyakazi wa kituo, nimechuchumaa na bakuli la plastiki, na Esperansi, kwa sababu ya mgongo, kaketi wima kwenye kigoda kirefu, mashine imewekwa juu ya meza. Mzee anaelekeza kwa maneno tu, hamshiki mkono. Esperansi aling'ang'ana na nati ya kwanza, ikamshinda, akaipaka oili, akaisubiri, akairudia, ikalegea. Gasketi ya zamani akaikwangua yote, hakuacha hata ukoko, kwa sababu moshi ukipata mwanya unatoka kabla ya kupita kwenye sega. Kimpira kilikuwa kimepasuka kwa kuning'inia. Nikapendekeza tukate mpira wa ndani wa baiskeli.

"Oili italegeza huo mpaka uwe uji," Mzee akasema. "Mpira wa mafuta, mama, ule mweusi mgumu."

Chujio la hewa nalo lilikuwa na aibu yake. Karibu na kituo kuna mashine ya kukoboa mpunga, pumba zinaruka, na vumbi letu jekundu mnalijua. Sponji la nje Esperansi aliliosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akalikamua bila kulisokota, akalianika kivulini, akalipaka tone la oili safi na kulikamua tena. Karatasi ya ndani haioshwi. Nilipoifuata na pampu ya upepo Mzee alinichapa kibao cha mkono. Unaigonga polepole kwenye kiganja, vumbi linaanguka. Ikikataa kuwa safi, unanunua nyingine, basi. Na petroli unachukua kituo cha mafuta, ya kutumia wiki hizo hizo, si ile ya chupa iliyoshinda juani barabarani ambayo hujui imechanganywa na mafuta ya taa ya nani.

Ilibaki skrubu. Hiyo Mzee aliishika mwenyewe. Alisubiri injini ipate moto, akaisogeza upande mmoja mpaka ikaanza kukohoa, upande wa pili mpaka ikaanza kugugumia, kisha akatafuta katikati. Akamwambia Esperansi afumbe macho.

"Sema wapi."

"Rudi kidogo. Kidogo. Hapo."

Mzee akasimama na bisibisi mkononi. "Ni hapo," akasema taratibu. Akamwita mkewe, akaomba rangi yake ya kucha, akadondosha tone jekundu juu ya skrubu. "Hili likivunjika, nitajua nani kaligusa."

Jumatatu ikafika. Sista Matrida alifungua madirisha yote ya wodi, akayafungia kwa ndoano yasirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda cha yule mtoto wa Sibwesa, na bibi yake upande wa pili na kanga mdomoni tayari. Mimi nilikuwa nyuma ya simtanki la maji. Naona, sionekani.

Esperansi hakuja na mashine uwanjani. Aliipeleka kwanza mpaka getini, mbali, akaiwashia kule. Nilidhani ameogopa. Kumbe alijua kwamba injini ikiwa ya baridi lazima uivutie choki ya kuibania hewa, na ikiwa na choki lazima iteme kidogo. Akaiacha iteme mbele ya miti, akarudisha choki, akasubiri mpaka mlio ukawa mmoja. Hilo Mzee hakumfundisha, na mimi nilikuwa sijawahi kuliwaza.

Ndipo akaja nayo. Akakata mstari wa kwanza chini kabisa ya dirisha, ambapo hata siku za heri watu walipita mbali. Majani yaliruka, harufu ikawa ya majani tu. Akageuza, akarudi. Sikuona moshi. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi, sikuona moshi. Sista akainuka, akatoa kichwa dirishani, akavuta hewa kwa pua, ndefu, kama anaonja mchuzi. Mtoto nyuma yake alikuwa amesimama juu ya kitanda anaangalia mashine, akifanya mlio wake kwa midomo.

Sista akampungia Esperansi asimame. Injini ikazimwa.

"Na kule nyuma ya jiko," Sista akasema, "majani yamekua sana."

Esperansi akajibu, "Naenda, Sista," akavuta kamba, ikawaka mara moja. Alipopita karibu na simtanki hakunitazama, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia, "Toka huko fundi, utaumwa na nyigu."

Toka siku hiyo mashine ile sikuishika bila ruhusa yake, na nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwenye kidato chochote. Nilimwona anavyoilaza kusafisha kisu, upande wa chujio ukiwa juu kila mara, kwa sababu ukiilaza vibaya oili inahamia kwenye chujio na kwenye silinda, ukija kuwasha unapata moshi mweupe wenye ubluu unaofanya watu waite zimamoto. Nilimwona anavyopima oili, haipungui na haizidi alama, maana ikizidi nayo inapanda na kuungua. Nilipostaafu walimpa karakana. Siku hizi shule na nyumba za wageni zinampelekea mashine zao, na zimeanza kuingia hata zile za betri zisizo na moshi kabisa. Nilimuuliza kama hazimtishi. Akasema ameshafungua moja, anataka kujua inapumulia wapi.

Juzi nilikuwa nimekaa uani kwangu na jirani yangu Mama Kulwa, ambaye habari hii ameisikia kwangu mara nyingi kuliko alivyotaka. Alikuwa anachambua mchele. Esperansi akapita barabarani, mashine mbili ziko kwenye guta nyuma yake, mgongo umenyooka kama mlingoti. "Shikamoo, fundi!" akaniita. Nikavimba. Alipopita nikamwambia Mama Kulwa, unamwona yule, mikono hii ndiyo iliyomfundisha.

Mama Kulwa hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo.

"Wewe hukumfundisha, fundi. Wewe ulimharibia mashine, yeye akajifunza kuitengeneza ili wanawe wapate kula."